Mfalme alisifu au alikashifu?

Juni 2025 ilitimia miaka 350 tangu liwekwe jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London, na mpaka leo hakikosekani kisa cha mfalme aliyetembezwa humo na msanifu Christopher Wren. Mfalme, wanasimulia, alilitaja jengo kwa maneno matatu: awful, artificial, amusing. Kwa Kiingereza cha leo ni kashfa tupu: baya, la bandia, la kuchekesha. Wren akashusha pumzi kwa furaha, maana enzi hizo yalikuwa sifa: linatia kicho, limesanifiwa kwa ustadi, linavutia.

Kitamu, ila wasimulizi hawapatani hata mfalme alikuwa nani. Huyu anamtaja Charles II, yule James II, mwingine Malkia Anne. Charles alifariki mwaka 1685 na James akapoteza kiti 1688, ilhali jengo lilitangazwa kukamilika 1711. Kilichoandikwa ni hati ya Charles ya Mei 14, 1675, iliyochapwa katika Parentalia, kitabu cha familia ya Wren cha mwaka 1750. Humo mfalme anasema ameuchagua mchoro kwa kuwa ni artificial, unafaa na una manufaa. Awful haimo. Nahisi kuna mtu aliokota neno hilo moja la kweli, akalitilia chumvi.

Hata hivyo, safari ya awful yenyewe si uzushi. Shina lake ni agi, neno la Wanorse wa kale lenye maana ya hofu. Kwa kuwa lilitumika mno kwa Mungu, hofu ikavaa heshima. Aliyelinasa likianza kuporomoka ni John Pickering, mwanasheria wa Massachusetts, katika orodha yake ya maneno ya Kimarekani ya mwaka 1816. Ananung'unika kwamba watu wa New England dawa mbaya wanaiita awful, mwanamke asiye na sura vivyo hivyo, na mtoto asiyesikia wazazi pia hakusalimika. Anajifariji kwamba ni neno la mdomoni tu, na kwamba miji ya bandari imeanza kuliacha. Wapi!

Ndugu zake walitawanyika. Horrible ilitokana na nywele kusimama, tremendous na kutetemeka. Terrific, ambayo mshairi Milton aliitumia kwa nyoka mwaka 1667, leo inasifia chakula. Terrible, ya shina lilelile, ilibaki na ubaya wake. Awesome ikachukuliwa na vijana wa Marekani kwenye miaka ya 1980.

Shuleni kwetu mtoto anakaririshwa kwamba awful ni mbaya na awesome ni nzuri, basi. Jioni anakwenda uwanjani, winga anapiga chenga, watu wanapiga kelele: "Huyu hatari! Balaa huyu!" Hofu imegeuka sifa masikioni mwake, na simwoni Pickering wetu akiandika mwaka wa mgeuko huo.