Mjamzito na mazoezi: Kiasi gani kinatosha na dalili zipi si za kupuuza

Mjamzito akionekana anatembea kwa kasi jioni, hakosi mtu wa kumsimamisha: "Mwanangu, kapumzike, utamuumiza mtoto." Ni ushauri wa upendo, lakini kwa mwenye ujauzito usio na matatizo, wataalamu wanasema tofauti.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano, na si lazima iwe kwa mkupuo. Dakika 10 asubuhi, nyingine jioni, zote zinahesabika.

Faida yake si ndogo. Mazoezi hupunguza uwezekano wa kupata presha ya mimba, ikiwemo ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, pamoja na kisukari cha mimba. Hupunguza pia hatari ya sonona baada ya kujifungua. Na ile hofu kubwa ya familia nyingi? Mwongozo huohuo unasema hayaongezi hatari ya mtoto kufia tumboni wala hayaathiri uzito wake wa kuzaliwa.

Kujua kama umezidisha, huhitaji saa ya kisasa. Ukiweza kuongea huku unatembea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo penyewe. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Je, kazi za nyumbani ni mazoezi? Kufagia na kutembea kwenda sokoni, ndiyo. Ndoo ya lita 20 kichwani ni habari nyingine: hizo ni kilo 20, na kubeba mizigo mizito mara kwa mara au kusimama kutwa nzima huhusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Kwa hiyo "si anachota maji kila siku" haitoshi. Hapo msaada unaotakiwa ni mtu wa kumpokea ndoo.

Mwaka 2024, Nada Hafez wa Misri alicheza mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na mimba ya miezi saba. Lakini yule ni mwanamichezo aliyeuzoea mchezo huo. Ambaye hajawahi kufanya mazoezi aanze taratibu, dakika chache tu, kisha aongeze. Aepuke jua kali, michezo ya kugongana au yenye hatari ya kuanguka, na baada ya miezi mitatu ya kwanza asifanye mazoezi akiwa amelala chali. Maji ya kunywa yawe karibu.

Wapo wasiotakiwa kujaribu bila ruhusa ya daktari: wenye upungufu mkubwa wa damu, kondo la nyuma lililoziba njia, shingo ya kizazi iliyolegea au presha iliyopanda. Ndiyo maana swali hili liulizwe kliniki mapema, hudhurio la kwanza likiwezekana.

Ukiona damu au maji yanatoka ukeni, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kuuma, tumbo kubana kwa maumivu yanayojirudia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, acha mazoezi hapohapo uende kituo cha afya. Usisubiri tarehe ya kliniki.