Profesa, Kijana wa Helsinki na Ugomvi wa Kiini

Tarehe 29 Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Vrije Universiteit mjini Amsterdam, aliandika ujumbe ambao kichwa chake kilitangaza kwamba Linux imepitwa na wakati. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ilikuwa haijatimiza hata miezi mitano tangu itoke hadharani. Mtunzi wake, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Ujumbe ulipelekwa Usenet, mtandao wa majadiliano ambamo maneno yalinakiliwa kutoka kompyuta ya chuo hadi ya chuo kingine mpaka yakaizunguka dunia. Ndipo ukaanza ubishi ambao wanafunzi wa kompyuta wanausoma hadi leo.

Ili kuelewa kwa nini profesa alipandwa na hamaki, turudi 1979. Mwaka huo kampuni ya AT&T ya Marekani ilitoa toleo la saba la Unix, mfumo endeshi uliopendwa sana vyuoni, likiwa na leseni iliyokataza msimbo wake kufundishwa darasani. Wahadhiri wakabaki na nadharia tupu. Tanenbaum aliamua kuandika mfumo wake mwenyewe, ambao kwa mtumiaji ungefanana na Unix lakini ndani usingekuwa na hata mstari mmoja wa AT&T. Aliuita MINIX, na 1987 ukachapishwa na Prentice Hall pamoja na kitabu cha kiada ambacho kurasa zake za nyuma zilibeba mistari ya msimbo ipatayo 12,000. Mwanafunzi aliweza kuisoma yote, mstari kwa mstari, kisha akaiendesha kwenye kompyuta ya bei nafuu isiyokuwa hata na diski kuu.

MINIX ilipata wapenzi wengi kuliko alivyotarajia, na wapenzi hao hawakuwa wanafunzi tu. Walimletea maombi yasiyokwisha: ongeza hiki, panua kile, tumia uwezo wote wa prosesa mpya ya Intel 386. Mara nyingi alikataa. Mfumo ukinenepa, alisema, hautafundishika tena ndani ya muhula mmoja. Mpenzi mmoja wa Australia aliandika marekebisho yaliyoiwezesha MINIX kutumia 386 ipasavyo, lakini hakuwa na ruhusa ya kugawa mfumo mzima ulioboreshwa. Ukiyataka, sharti kwanza ununue MINIX, kisha uyapachike mwenyewe.

Torvalds alikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Mapema Januari 1991 alichukua kompyuta ya 386 kwa malipo ya awamu, akaagiza MINIX na kuingoja zaidi ya mwezi, ikafika ndani ya flopi 16. Jambo lililomkera zaidi ni programu ya kuunganishia kompyuta yake na ile ya chuo kwa njia ya simu. Akaandika ya kwake. Kisha akataka kupakua mafaili, ikabidi aandike kiendeshi cha diski, halafu utaratibu wa kuhifadhi mafaili. Hatua kwa hatua, programu ya simu ikaanza kugeuka mfumo endeshi.

Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaarifu wana-MINIX kwamba anaandika mfumo huru kwa ajili ya kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa, akawauliza wanapenda nini na wanachukia nini katika MINIX. Septemba akatoa Linux, toleo la 0.01, lenye mistari ipatayo 10,000. Baadaye mwaka huo akakusudia kuiamuru modemu ipige simu chuoni, akakosea jina la kifaa, na amri za kupiga simu zikaandikwa kwenye diski kuu, juu ya sehemu iliyohifadhi MINIX. Hapo alikuwa na njia mbili: kuipakia MINIX upya, au kuitegemea kazi yake mwenyewe. Akachagua ya pili. Wakati wa Krismasi, mtu mmoja wa Ujerumani alimlalamikia kwamba kompyuta yake ya MB 2 za kumbukumbu haimudu kazi ya kutafsiri programu. Torvalds alitumia sikukuu hizo kuandika njia ya kuazima nafasi kwenye diski kumbukumbu inapojaa. MINIX haikuwa na kitu kama hicho. Aliyeomba alipewa, tena ndani ya siku chache, na habari za namna hiyo hazikawii kuenea.

Basi Januari ilipofika, kundi la majadiliano la MINIX huko Usenet lilikuwa limejaa mazungumzo ya Linux, na mwenye nyumba akatia neno. Hoja yake ya kwanza ilihusu kiini, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuzungumza na vifaa. Kuna namna mbili za kukijenga. Ya kwanza ni kuzitia kazi zote ndani ya programu moja kubwa. Zinaitana moja kwa moja, kwa hiyo mambo yanakwenda upesi, lakini kosa katika kiendeshi kimoja linaweza kuangusha mashine nzima. Ya pili ni kubakiza kiini kidogo kinachopokea na kupeleka ujumbe, huku kazi nyingine zikiwa programu zinazojitegemea nje yake, ili moja ikianguka nyingine ziendelee. MINIX ilifuata njia ya pili. Linux ilifuata ya kwanza, na kwa Tanenbaum huko kulikuwa kurudi miaka ya 1970. Hoja ya pili: Linux ilikuwa imefungwa kwenye 386 pekee, ilhali prosesa huja na kupita, na mfumo mzuri ni ule unaohamishika.

Ndani ya ujumbe huohuo alitaja kwamba MINIX kwake ni mchezo wa jioni, anaoufanya akichoka kuandika vitabu, na ikiwa CNN haionyeshi moja kwa moja vita, mapinduzi au vikao vya Seneti. Wasomaji walimwelewa vizuri, kwani mwaka uliokuwa umetoka kuisha ulikuwa na Vita vya Ghuba na jaribio la mapinduzi la Moscow. Kazi yake halisi, aliongeza, ni uprofesa na utafiti.

Torvalds alijibu siku hiyohiyo, kwa hasira. Alisema uprofesa ni kisingizio kizuri kweli cha kasoro za MINIX, na akauliza ni nani anayepata fedha kwa mfumo wake na nani anayeugawa bure. Lakini ukipita matusi unakuta maungamo. Alikubali kwamba kinadharia viini vidogo ni bora, na kwamba kama kiini cha GNU, mradi wa programu huru wa Richard Stallman, kingekuwa tayari majira ya kuchipua yaliyopita, asingejisumbua kuanza chake. Hoja yake ilikuwa ya mtumiaji: nadharia ya MINIX ni nzuri, ila programu moja ikisubiri flopi isomwe, nyingine zote zikitaka mafaili zinapanga foleni nyuma yake.

Siku iliyofuata aliomba radhi mbele ya wote. Tanenbaum naye alimwambia ashukuru kuwa si mwanafunzi wake, kwa maana kwa muundo ule asingepata alama za juu. Kijana akajibu kwamba huenda hata bila profesa asingezipata, kwani alikuwa amekwisha kubishana na mwalimu wa somo hilohilo pale Helsinki. Wengine wakajitosa, akiwemo Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix. Thompson alikubali kwamba viini vidogo huenda ndiyo njia ya baadaye, lakini akasema kiini kimoja kikubwa ni rahisi zaidi kukiandika, na pia ni rahisi zaidi kuvurugika kadiri kinavyorekebishwa.

Wakati wote wakitazama kiini, jambo jingine lilikuwa likipita pembeni. Leseni ya kwanza ya Linux ilikataza mtu kuigawa kwa malipo yoyote, hata gharama ya flopi. Katika maelezo ya toleo la 0.12, mwezi huohuo wa Januari, Torvalds alipendekeza kuifuta na kuchukua leseni ya GNU, kuanzia tarehe 1 Februari. Chini ya leseni hiyo kila mtu ana ruhusa ya kunakili, kubadili, hata kuuza, mradi anayempa mwingine programu ampe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Ilianza kutumika siku tatu baada ya ujumbe wa Tanenbaum.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1993 Slackware na Debian, mikusanyo ya Linux iliyo tayari kupakiwa, ilikwisha kutoka. Mfumo mwingine huru wa jamaa ya Unix, ule wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ungeweza kuwa mpinzani mkali, lakini 1992 ulitumbukia kwenye kesi ya hakimiliki iliyomalizika 1994 tu, mwaka ambao Linux 1.0 ilitoka. Katika mjadala Tanenbaum alitilia shaka kwamba mabingwa elfu moja wenye majivuno, waliotapakaa duniani, wangeweza kuratibiwa. Waliratibika. Alitabiri pia kwamba ndani ya miaka mitano watu wangekuwa wameziacha prosesa za ukoo wa 386. Hawakuziacha. Lakini kuhusu kuhamishika ushauri wake ulishinda kimyakimya: 1995 Linux ilihamishiwa kwenye prosesa za Alpha na nyinginezo, na uwezo huo ndio uliokuja kuiingiza kwenye simu. Android, iliyofika sokoni 2008, inasimama juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo simu nyingi zinazouzwa leo Kariakoo au Luthuli Avenue zinabeba muundo ambao profesa angeunyima alama.

Mwaka 2004 taasisi moja ya Washington ilidai kwamba Torvalds hangeweza kuandika kiini peke yake, na ikadokeza kuwa aliiba kutoka MINIX. Mwandishi wa madai hayo alisafiri hadi Amsterdam kumhoji Tanenbaum. Kama profesa angekuwa na kinyongo, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Badala yake alichapisha maelezo marefu akimtetea Torvalds: kijana aliandika msimbo wake mwenyewe, na mtu mmoja kuandika mfumo kama ule si muujiza, maana yeye pia alikuwa amefanya hivyo.

MINIX nayo haikufa. Tangu 2000 ilitolewa chini ya leseni ya Berkeley, inayomruhusu mtu kuchukua msimbo, kuubadili na kuufungia ndani bila kumwambia yeyote. Mwaka 2017 ilibainika kwamba Intel imeiweka MINIX 3 ndani ya prosesa ndogo ya usimamizi iliyomo kwenye chipu zake, na hivyo kuifikisha kwenye mamilioni ya kompyuta. Tanenbaum aliandika barua ya wazi kwa Intel: hakudai malipo wala sheria haikumpa haki ya kudai, ila ingekuwa adabu kumjulisha.

Hivyo kazi zote mbili zilienea kuliko watunzi wake walivyoota, na kila moja ilienea kwa namna ambayo leseni yake iliruhusu: ya Torvalds kwa mikono ya maelfu wanaorudisha walichokirekebisha, ya Tanenbaum ndani ya vyuma vilivyofungwa. Suala la kiini kipi ni bora bado linaulizwa kwenye mitihani ya vyuo, na kila upande una hoja. Suala la nani ana ruhusa ya kurekebisha lilijibiwa kwa mistari michache ya leseni, nalo ndilo lililoamua mengine yote.