Cheti na Kijiji: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi nchini Tanzania, 1975–2021

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 ili kujibu swali lililotokana na mafanikio ya kampeni ya kisomo. Tangu 1970, mwaka uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wananchi wengi walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika. Hata hivyo, mhitimu wa kisomo hakuwa na mahali pa kuendelea. Umri wa sekondari ulikuwa umempita, na nafasi zenyewe zilikuwa haba.

Jibu lilitafutwa Sweden, ambako vyuo vya wananchi vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1868 kwa kufuata fikra za Mdenmaki N.F.S. Grundtvig. Vyuo hivyo viliwapa vijana wa vijijini elimu pana isiyotawaliwa na mitihani. Fikra hiyo iliafikiana na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambamo Mwalimu Nyerere aliikosoa shule inayomtenga kijana na jamii yake. Kwa msaada wa Sweden, vituo kadhaa vilivyokuwapo vya kuwafunza wakulima na watumishi wa vijijini viligeuzwa kuwa vyuo, na masomo ya uraia, Kiswahili na hesabu yakafundishwa sambamba na kilimo, useremala, uashi na ushonaji.

Kwa mujibu wa mpango wa awali, kijiji ndicho kilichomchagua mwanachuo, na kijijini ndiko alikotarajiwa kurejea. Chuo hakikukusudiwa kutoa cheti cha kumtafutia mtu ajira mjini. Kukosekana kwa cheti, kwa hiyo, hakukuwa upungufu wa mpango bali msingi wake: maarifa yalihesabiwa kuwa mali ya kijiji kabla ya kuwa mali ya mtu.

Msingi huo ulianza kutikisika mapema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na miaka michache baadaye waliobisha hodi vyuoni hawakuwa watu wazima waliotoka kwenye kisomo pekee, bali pia vijana waliomaliza darasa la saba bila kupata nafasi ya sekondari. Vijana hao walihitaji uthibitisho wa ujuzi wao. Wakati huohuo, msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 ulivipunguzia vijiji uwezo wa kuwatumia wahitimu. Baada ya sheria ya mwaka 1994 kuunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, majaribio ya ufundi na vyeti vyake yalizidi kuwa kipimo cha thamani ya mafunzo.

Mabadiliko hayo yanaweza kusomwa kama kushindwa kwa fikra ya waasisi. Usomaji huo una ukweli, lakini haukamiliki bila kuzingatia wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito. Hadi serikali ilipotangaza, Novemba 2021, kuwa wanaruhusiwa kurejea katika shule za umma, milango ya shule hizo ilikuwa imefungwa kwao. Baadhi ya vyuo vya wananchi viliwapokea, vikawafundisha ufundi na masomo ya sekondari kwa njia isiyo rasmi, na kuwatengea watoto wao mahali pa malezi wakati mama zao wakiwa darasani.

Kwa wasichana hao, cheti hakikuwa tiketi ya kuikimbia jamii. Kilikuwa njia ya kurudi ndani yake wakiwa na heshima na riziki. Waasisi walikihofia cheti kwa sababu walimwona mbele yao mkulima mwenye shamba na kijiji kinachomngoja. Hawakumwona mtu ambaye kijiji chenyewe kimemfungia mlango. Hata hivyo, ni urithi wao mwingine, yaani chuo kumpokea mwananchi bila kumdai sifa za kitaaluma, uliowezesha mapokezi hayo. Kilichodumu katika vyuo hivi si mtaala wala shabaha ya mwaka 1975, bali mlango ulioachwa wazi.