Kunyamaza Siyo Kulala: Historia Fupi ya Nusukaputi kwa Wanyama

Leo naomba nianze na dume la ng'ombe la mjomba wangu. Nilikuwa darasa la tano, likizo ya Juni, kijijini kwetu Singida. Mjomba na vijana wanne walimwangusha yule dume kwa kamba, wakamfunga miguu, na mzee mmoja mwenye koleo la kuhasi akafanya kazi yake. Dume alilia mara mbili, kisha akanyamaza kabisa, macho wazi, anahema tu. Nikamuuliza mjomba kama haumii. Akanijibu: "Angeumia si angeendelea kulia? Kanyamaza huyo, mpwa wangu. Mnyama hana maumivu kama ya mtu."

Jibu lile nililibeba mpaka nikamaliza chuo. Mwezi uliopita mhariri akanituma niandike habari ya ukurasa wa ndani kuhusu daktari wa mifugo anayefunga kizazi mbwa wa mtaani. Nilikwenda nikitegemea kuandika habari za kisu. Kilichonishangaza ni msaidizi wake, kijana wa rika langu, ambaye muda wote hakuondoa macho kwenye kifua cha mbwa. Alikuwa anahesabu pumzi, anatazama rangi ya fizi, anaandika kila baada ya dakika tano. Daktari akaniambia kupasua alijifunza mapema tu. Kumlaza mnyama na kumwamsha salama, hilo anaendelea kujifunza mpaka leo, na kila akipata nafasi ya kozi anakwenda.

Gazetini zilitoka aya sita. Yaliyobaki nayaweka hapa, kwa sababu nilipoanza kusoma nilikuta historia ambayo hatukuwahi kuisikia darasani.

Tuanze London, mwaka 1814. Muingereza mmoja msafiri, Charles Waterton, alikuwa amerudi kutoka Guyana, Amerika ya Kusini, na kurare, sumu ambayo wenyeji wa kule hupaka kwenye mishale. Mbele ya madaktari, punda jike akadungwa sumu ile. Akaanguka, akaacha kupumua, kila mtu akajua amekufa. Wakamtoboa koo, wakampulizia hewa kwenye mapafu kwa mvukuto kwa saa kadhaa, na punda akainuka! Waterton akampa jina la Wouralia, akampeleka shambani kwake Yorkshire, na akaishi mpaka 1839 bila kubebeshwa mzigo wowote.

Hadithi tamu, siyo? Lakini miaka ya 1850 mwanasayansi wa Kifaransa, Claude Bernard, akaonyesha kwamba kurare hukata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli tu. Hailazi ubongo. Haiondoi maumivu. Kwa maana nyingine, kurare haikumlaza Wouralia. Sumu ilimzuia kutikisika, basi, na waliosimama pale wangeweza kuapa kwamba hasikii kitu.

Miaka kumi baada ya punda yule, 1824, daktari kijana wa Shropshire, Henry Hill Hickman, akajiuliza swali ambalo wakubwa zake hawakutaka kulisikia: hivi kuna ulazima mgonjwa aumie akipasuliwa? Akafanya majaribio kwa mbwa na wanyama wengine, akiwavutisha hewa ya ukaa mpaka wanapoteza fahamu, kisha anawakata. Kwa elimu ya leo tunajua alikuwa anawanyima pumzi, na njia ile ni ya hatari. Lakini swali lake lilikuwa sahihi. Aliandika barua Uingereza, akapuuzwa. Akapeleka ombi Paris mwaka 1828, nako hakufika mbali. Alifariki 1830, ana miaka 30. Sisi wa miaka ya ishirini tunaolalamika kwamba wazee maofisini hawatusikilizi, tuna ndugu yetu wa zamani.

Etha ilikuja kuonyeshwa hadharani Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, na klorofomu ikaingia hospitalini Edinburgh mwaka uliofuata kupitia James Young Simpson. Kwa binadamu habari ilienea haraka sana. Kwa wanyama ilikwenda kwa kusuasua. Mwaka 1847 daktari wa mifugo wa London, Edward Mayhew, alijaribu etha kwa mbwa na paka. Wanyama wakatoa sauti, na yeye akatilia shaka kama dawa hii ina faida yoyote kwao. Tazama mambo yanavyopinduka: kwa punda, kimya kilichukuliwa kuwa usingizi. Kwa mbwa wa Mayhew, sauti ikachukuliwa kuwa maumivu, wakati leo tunajua mnyama anayeingia au kutoka kwenye usingizi wa dawa anaweza kulia bila fahamu. Hawakuwa na namna ya kujua mnyama yuko wapi.

Iliwachukua muda mrefu. Frederick Hobday, Muingereza, alitumia klorofomu kwa mbwa wengi sana na mwaka 1915 akachapisha kitabu kizima juu ya kulaza wanyama na ndege. Mwaka 1919 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha dawa ya usingizi au ganzi katika baadhi ya upasuaji wa wanyama. Hebu pigeni hesabu wenyewe: kutoka 1846 mpaka 1919 ni miaka 73.

Sasa tuje nyumbani. Miaka ya 1950, Colin Murdoch wa New Zealand alikuwa anaunda bunduki za kurusha sindano, ili mnyama wa porini adungwe kutoka mbali. Tatizo likawa dawa ya kuweka ndani. Dawa za mwanzo nyingi zilikuwa ndugu wa kurare: zinalegeza misuli, mnyama anaanguka akiwa macho, na ukizidisha kidogo anaacha kupumua. Mmoja wa waliohangaika na tatizo hili ni Toni Harthoorn, daktari wa wanyama aliyefundisha Makerere na baadaye Nairobi. Mwaka 1960, maabara moja ya Edinburgh chini ya Kenneth Bentley ikatengeneza etorfini, ambayo wenye kazi huiita M99. Ina nguvu zaidi ya mara elfu moja kuliko mofini. Miligramu chache tu zinamwangusha kifaru, na kuna dawa ya pili inayoitengua akaamka ndani ya dakika chache. Harthoorn na wenzake waliitumia Umfolozi, Afrika Kusini, katika kazi ya kuhamisha vifaru weupe waliokuwa wamebaki wachache.

Wale wenye wazazi wapenda filamu waulizeni kuhusu Daktari, mchezo wa televisheni wa Marekani wa 1966 mpaka 1969. Ulitokana na maisha ya Harthoorn na mkewe. Jina ni la Kiswahili, ila sehemu kubwa walipigia picha California!

M99 ilitatua tatizo moja ikaleta jingine. Tone linaloangusha kifaru linaweza kumuua daktari mwenyewe akijichoma kwa bahati mbaya. Kwa hiyo hawaendi porini peke yao. Lazima awepo mwenzake anayejua afanye nini na dawa ya kuokoa iko mfuko upi. Hapa ndipo mafunzo ya juu yalipoacha kuwa anasa. Madaktari wa usingizi wa wanyama Uingereza waliunda chama chao mwaka 1964, na Marekani ikaanzisha chuo cha mabingwa wa fani hiyo mwaka 1975. Kuwa bingwa leo ni kumaliza shahada ya udaktari wa mifugo, kisha miaka mitatu au zaidi chini ya mabingwa, kisha mtihani.

Utauliza, miaka yote hiyo wanasoma nini? Daktari wa binadamu ana aina moja ya mgonjwa. Huyu mwingine ana Safina nzima ya Nuhu. Zailazini, dawa ya kawaida ya kutuliza, ng'ombe anahitaji kama sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi; ukichanganya vipimo umeua. Ng'ombe akilazwa chali anajaa gesi, na anachocheua kinaweza kuingia kwenye mapafu, ndiyo maana upasuaji wake mwingi hufanywa amesimama, kwa ganzi. Tembo akiangukia kifua anaweza kukosa pumzi, lazima ageuziwe ubavu. Twiga ana shinikizo kubwa la damu na shingo ndefu, hivyo mara nyingi akishaanguka tu anatenguliwa dawa, watu wanamshikilia kwa nguvu.

Takwimu nazo hazina utani. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2002 ulikuta karibu farasi 1 kati ya 100, hata bila kuhesabu wenye ugonjwa wa tumbo, anakufa kutokana na nusukaputi na upasuaji. Mwingine wa 2008, uliohusisha mbwa zaidi ya 98,000 na paka zaidi ya 79,000, ulikuta vifo asilimia 0.17 kwa mbwa na 0.24 kwa paka. Karibu nusu ya vifo vya mbwa, na zaidi ya nusu ya vifo vya paka, vilitokea baada ya upasuaji kwisha, wengi wao ndani ya saa tatu za mwanzo. Yaani wakati watu wameshavua glavu wanakunywa chai. Yule kijana msaidizi niliyemwona alikaa na mbwa mpaka akainua kichwa. Nilidhani hana kazi nyingine.

Mei 2010, vifaru weusi 5 waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini mpaka Serengeti, na safari ikafanikiwa. Julai 2018, wenzetu Kenya walihamisha vifaru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki, na wote wakafa. Sindano haikuwaua. Uchunguzi ulielekeza kwenye maji ya chumvi waliyoyakuta kule, na wa mwisho alishambuliwa na simba. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliofanya kazi Namibia walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, kwa kutundika vifaru 12 miguu juu kwa kreni na kupima pumzi zao. Dunia ilicheka. Lakini vifaru huhamishwa hivyo kwa helikopta, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amepima kama wanaumia. Walikuta hali yao siyo mbaya kuliko wakilazwa ubavu.

Jumapili nilimpigia simu mjomba. Nikamweleza yote, kuanzia punda wa London. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nikamwambia kuna ganzi, sindano ndogo tu kabla ya koleo.

"Bei gani?" akauliza.

Nikamtajia niliyoambiwa na daktari. Akaguna. Akaniambia daktari wa mifugo wa kata ana pikipiki moja na vijiji vingi, na akija huwa ni kwa chanjo. Kisha akakaa kimya kidogo, akasema, "Yule dume wa mwaka ule, hakula siku mbili. Nilidhani ni kiburi."

Ana madume wawili wa kuhasi mwezi ujao. Nimemtumia hela ya ganzi na namba ya daktari. Nikipata likizo nitakwenda nikaone mwenyewe.