Kutamba Kabla ya Kuandika: Kinasa Sauti na Ngano za Wanafunzi wa Msingi

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma, na mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 ukauhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake saba wa msingi. Mwalimu anayetaka wanafunzi watunge ngano na kuziwasilisha kwa kifaa hicho huvutwa na mpangilio mmoja: ngano iandikwe daftarini, isahihishwe, kisha ipigwe chapa na kutiwa picha. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo unatanguliza mkia. Kifaa kina kazi kubwa zaidi mwanzoni, nayo ni kumnasa mtoto akitamba kabla hajashika kalamu.

Sababu iko katika lugha yenyewe. Mtoto wa gredi ya nne akimsimulia mwenzake jinsi Sungura alivyomhadaa Fisi hadi mtegoni, hahitaji kufundishwa matumizi ya kiambishi -ka-: Fisi akaingia, akanusa, akalamba midomo, mara pu! Mpe karatasi, na huyohuyo ataandika kwamba Fisi aliingia, alinusa, alilamba midomo na alianguka. Mtego haufyatuki tena. Imebaki taarifa, maana ndivyo insha ilivyomzoesha. Akiisikiliza sauti yake, rasimu ya kwanza tayari anayo, na kuandika kunakuwa kazi ya kuamua tanakali ipi ibaki na kiitikio kirudi wapi. Hata upungufu wa kinasa sauti una faida: aliyeonyesha unene wa chatu kwa mikono miwili hugundua kwamba msikilizaji hakuambiwa lolote, ikabidi atafute maneno.

Wapo watakaopinga kwamba ngano iliyonaswa si fasihi simulizi tena, kwani tangu mtafiti Ruth Finnegan alipoandika kuihusu mwaka 1970 wataalamu wamesisitiza utendaji na uwepo wa hadhira. Pingamizi hilo lina uzito, ila linamhusu zaidi Edward Steere, aliyechapisha ngano za Unguja mwaka 1870 na kutuachia maneno bila sauti. Kinyume chake, tovuti ya African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014, humruhusu msomaji kuibadilisha hadithi na kuhifadhi toleo lake bila kulifuta la awali, jambo lililo karibu zaidi na jinsi ngano zilivyosafiri siku zote. Wengine watasema ngano ni mali ya jamii, haitungwi na mtoto. Lakini Vladimir Propp, akichunguza ngano za Kirusi mwaka 1928, alionyesha kwamba wahusika hubadilika huku matendo yao ya msingi yakibaki. Sungura akipanda matatu, ngano haijavunjika maadamu mwenye nguvu ameshindwa kwa werevu.

Uhaba wa vifaa hauniogopeshi sana. Simu moja ya mwalimu yatosha, kwa kuwa fanani ni mmoja na waliobaki ni hadhira, ambayo "pakawa" yake inastahili kunaswa pia. Sura za watoto hazina haja ya kurekodiwa; sauti na michoro yao vyatosha. Kikwazo halisi ni muda. Kipindi cha dakika 35 hakiwezi kubeba utambaji, usikilizaji na uandishi kwa pamoja. Vinahitajika vipindi kadhaa, na mkaguzi akubali kwamba katika kile cha kwanza hakuna daftari la kusahihisha.