Pecola na Rosa: Nani Aliyewaangamiza?

Mwaka 1970 Toni Morrison, mhariri wa vitabu aliyekuwa akilea wanawe wawili peke yake baada ya talaka, alichapisha riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyekuwa ametoka tu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akachapisha yake ya kwanza, Rosa Mistika. Riwaya zote mbili zinamfuata binti maskini hadi anapoangamia, na zote zinamtia baba hatiani. Zinapoachana ni kwa msimulizi: huyu anayetusimulia maangamizi hayo anabeba sehemu gani ya lawama?

Morrison alizaliwa mwaka 1931 Lorain, Ohio, mji wa viwanda vya chuma, na hapo ndipo alipoiweka hadithi yake. Pecola Breedlove ana miaka kumi na mmoja. Ameamini kwamba ni mbaya wa sura, hivyo anamwomba Mungu ampe macho ya buluu. Morrison anaonyesha imani hiyo ilikotoka: kikombe chenye picha ya Shirley Temple, kitabu cha kusomea cha shule kinachosifu familia ya Wazungu wenye furaha, na sinema zilizomfundisha mama yake, Pauline, kuuchukia uso wake mwenyewe. Pauline ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu. Siku Pecola anapomwaga pai ya matunda jikoni humo, mama anampiga bintiye aliyeungua, kisha anamgeukia mtoto wa tajiri na kumbembeleza. Katika tukio hilo fupi ubaguzi wa rangi umekwisha kuvuka kizingiti na kukaa kati ya mama na mwana.

Kezilahabi anaanzia Namagondo, kijijini kwao. Adui yake ni malezi ya mabavu. Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe, Regina, na anawachunga binti zake kama wafungwa. Barua moja tu ya kijana Charles inamtosha kumshushia bintiye Rosa kipigo. Rosa anapokwenda masomoni, mbali na fimbo ya baba, anakutana na uhuru ambao hakuna aliyewahi kumfundisha kuutumia. Wanaume wenye madaraka, akiwamo Deogratias, wanaifaidi hali hiyo. Mwishoni mchumba anamwacha kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kezilahabi anaichukua hekima hiyo na kuielekeza kwa mzazi, ambaye kwa kawaida huitumia kumhukumu mtoto.

Akina baba hao hawakuchorwa kwa kina kimoja. Cholly Breedlove anambaka binti yake mwenyewe, uovu usio na utetezi. Hata hivyo Morrison anaturudisha kwenye ujana wake, siku Wazungu wenye bunduki walipomdhalilisha akiwa na msichana, na yeye akaielekeza chuki yake kwa msichana huyo badala ya kwao. Tunauona ukatili ukirithishwa. Zakaria tunamfahamu zaidi kwa vitendo vyake kuliko kwa majeraha yake, hivyo ni rahisi kwetu kumlaani na kufunga kitabu.

Tofauti kubwa zaidi iko katika sauti. Rosa Mistika inasimuliwa na msimulizi maizi. Anayaona yote kutoka juu, anaonya, anahukumu, lakini yeye mwenyewe hana doa. Katika The Bluest Eye sehemu ya hadithi anaibeba Claudia, aliyecheza na Pecola utotoni, na sasa, akiwa mtu mzima, anakiri kwamba mtaa mzima ulijiona mzuri kwa kuwa Pecola alionekana mbaya. Naye anajihesabu humo. Kwa msomaji ungamo hilo ni zito kuliko onyo lolote, kwa sababu linamwondolea mahali pa kujificha.

Vitabu vyote viwili vilipata adhabu. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na The Bluest Eye imeondolewa katika baadhi ya shule za Marekani. Morrison alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 na kufariki Agosti 2019. Kezilahabi, aliyepata shahada yake ya uzamivu Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alimfuata Januari 2020.

Kwa maoni yangu, Morrison amefika mbali zaidi katika fani na katika kuigawa lawama. Lakini Kezilahabi alitamka, katika lugha ambayo wazazi wa Rosa wangeisoma wenyewe, mambo yaliyokuwa yakifichwa na kila nyumba, na ujasiri huo haujapungua thamani. Walimu wa fasihi, wapeni wanafunzi riwaya hizi pamoja, kisha waulizeni ni msichana gani mtaani kwao anayesemwa vibaya leo, na wao wenyewe wamesema nini juu yake.