Karafuu za Pemba na Manowari ya Seyyid Barghash

Dola inapoziweka kando silaha zake kuukuu na kununua mpya, sababu itolewayo mbele ya watu aghalabu ni moja, nayo ni uzee. Ndege imechakaa, vipuri vyake havitengenezwi tena, na rubani aipandaye huhatarisha roho yake kabla hajamwona adui. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini si yote. Kenya ilinunua ndege za Hawker Hunter kutoka Uingereza katika miaka ya 1970, na kabla muongo huo haujaisha ilikuwa imekwisha kupata F-5 za Marekani. Kilichoisukuma hakikuwa uchakavu peke yake, bali pia silaha zilizokuwa zikirundikana kwa majirani. Uganda nayo ilipoteza ndege nyingi za MiG katika usiku mmoja wa Julai 1976, Waisraeli walipoziteketeza uwanjani Entebbe. Ilipoanza kupokea Sukhoi Su-30 za Urusi mwaka 2011, mabishano makali ya nchini hayakuwa juu ya ubora wa ndege, bali juu ya fedha zilizochotwa Benki Kuu kabla ya idhini ya Bunge.

Maswali hayo ya umri wa silaha, ya jirani, ya hasara ya ghafula na ya mlipaji, si mageni katika pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya ndege kulikuwa na manowari. Na kisa cha manowari ya Seyyid Barghash, ijapokuwa chombo chenyewe kilitia nanga Unguja, huonekana vizuri zaidi mtu akikitazama kutoka Pemba.

Pemba iliingia katika milki ya Albusaidi kwa nguvu za baharini. Mpaka mwanzo wa miaka ya 1820 kisiwa kilikuwa mikononi mwa Mazrui wa Mombasa, waliokitegemea kwa chakula. Seyyid Said aliwaondoa huko, na tangu hapo Mombasa ilidhoofika, kwa maana mji uliokosa ghala yake hauwezi kustahimili vita virefu. Merikebu zake nyingi zilijengwa Bombay kwa miti ya msaji, na kubwa kupita zote ilikuwa Liverpool, iliyoshushwa majini mwaka 1826 ikiwa na nafasi ya mizinga 74. Chombo cha namna ile kilikuwa mzigo kwa hazina, kwani kilitaka mabaharia wengi na matengenezo yasiyokwisha. Mwaka 1836 Seyyid Said alimtunukia Mfalme William wa Nne wa Uingereza, nao Waingereza wakaiita Imaum. Hapana shaka ilikuwa zawadi ya kifalme. Lakini pia ilikuwa njia ya heshima ya kuagana na merikebu iliyomzidi mwenyewe gharama.

Merikebu zilizosalia hazikukaa bure kungoja vita. Sultana ilikwenda New York mwaka 1840 na shehena ya biashara, chini ya nahodha Ahmad bin Naaman, na huko jeshi la majini la Marekani likaitengeneza kabla haijarudi. Hiyo ilikuwa hekima ya Seyyid Said: manowari ijilipie chakula chake. Mwenyewe alifariki dunia baharini mwaka 1856, ndani ya merikebu yake Victoria, akirudi Unguja.

Baada yake milki iligawanyika. Kwa uamuzi wa mwaka 1861 Unguja ilitakiwa kuilipa Maskati riali 40,000 kila mwaka, na hazina iliyobebeshwa deni la namna hiyo haina haraka ya kuunda manowari. Zikabaki za zamani, zikizeeka bandarini. Lau mambo yangeachwa yaende hivyo, huenda zingekufa moja moja kwa kuoza, na pasingekuwa na siku ambayo mtu angeweza kusema kwamba leo Sultani hana tena nguvu baharini.

Siku hiyo ililetwa na upepo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kuu iliipiga Unguja. Merikebu za Seyyid Barghash, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti, ziliangamia pamoja na majahazi mengi ya wafanyabiashara. Na mashambani mikarafuu iling'olewa kwa maelfu, hata sehemu kubwa ya utajiri wa kisiwa ikalala chini. Pemba haikupata msiba kama huo. Mikarafuu yake ilibaki imesimama, na kwa kuwa karafuu za Unguja zilikuwa zimepotea, bei ilipanda. Watu wakazidi kupanda miche huko, na katika miaka iliyofuata Pemba ikawa ndiyo mzalishaji mkubwa wa karafuu, cheo ambacho Unguja haikukipata tena.

Hapa pana jambo ambalo historia za manowari huliruka. Tufani ile ile iliyomnyang'anya Sultani merikebu ndiyo iliyokifanya kisiwa cha pili kuwa tegemeo la hazina yake. Riali haina alama ya shamba ilikotoka, na hakuna awezaye kuonyesha gunia fulani la Chake Chake au la Wete lililolipia ubao fulani wa merikebu. Lakini sehemu kubwa ya karafuu zilizotozwa ushuru baada ya 1872 ilitoka Pemba, na wachumaji wake walikuwa watumwa.

Mwaka 1873 Waingereza walimtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini, wakamtishia kwamba manowari zao zitaizingira bandari yake. Alitia sahihi tarehe 5 Juni. Lau angekuwa na merikebu kumi za baba yake jambo lisingebadilika, maana msaji na mizinga ya shaba haikuwa kitu mbele ya mvuke na chuma. Lakini miongoni mwa manowari za Kiingereza zilizofika mwaka ule ilikuwamo Glasgow, nayo ilimpendeza. Alipoamua kujaza pengo la tufani, aliagiza ya kwake kwa mfano wa ile, na jina akaiita lilo hilo.

Ilijengwa Dumbarton, Uskochi, katika kiwanda cha William Denny, kwa zaidi ya pauni 32,000, nayo ikafika Unguja mwaka 1878. Ilikuwa na mizinga saba midogo na bunduki ya Gatling. Yasemekana Barghash hakuridhika alipoiona. Kama alikatishwa tamaa, sababu haiko mbali: Glasgow ya Waingereza ilikuwa merikebu ya mbao ya mwaka 1861, nao wakati huo walikuwa wamekwisha kuanza kujenga manowari za kivita za chuma. Sultani alibadili vyombo vyake vilivyozeeka kwa mfano uliokuwa ukizeeka kwa wenyewe.

Isifikiriwe kwamba Barghash hakujua mambo. Alinunua pia meli za mvuke za biashara, zilizokwenda mpaka Bombay na kuwapunguzia wafanyabiashara nauli. Katika hizo akili yake yaonekana wazi. Glasgow haikuwa ya kazi hiyo. Ilikuwa ya kuonekana. Mtawala aliyetishwa mbele ya raia zake alitaka kitu cha kuwaonyesha wao, na wageni pia, kwamba bado ana bahari.

Bahari yenyewe ilikuwa Pemba, na huko Glasgow haikutakiwa. Mapatano ya 1873 yalikataza kusafirisha watumwa, lakini mikarafuu mipya ilitaka wachumaji, na majahazi yaliendelea kuvuka usiku kutoka bara na kujificha katika hori za mikoko. Waliowawinda ni Waingereza, kwa mashua zilizotoka katika merikebu yao London, iliyowekwa bandarini Unguja tangu 1874. Ajabu ni kwamba London ilikuwa nzee kuliko zote: ilishushwa majini mwaka 1840, ikapigana Sevastopol mwaka 1854, na ilikuwa haifai tena kwa vita vikubwa. Wenyewe hawakuitupa wala hawakuipamba; waliifanya ghala na makao ya mashua ndogo zinazoweza kuingia horini. Kazi hiyo haikuwa salama. Mwezi Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lenye bendera ya Kifaransa lililobeba watumwa. Muda wote huo manowari ya Sultani ilikaa mbele ya kasri.

Ilipiga mizinga yake vitani asubuhi moja tu. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka katika kasri, manowari za Kiingereza zilifyatua mizinga. Glasgow iliielekea St George, ikajibiwa, ikazama katika maji haba. Mapigano yalidumu chini ya saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Mwaka uliofuata sheria iliondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, na wenye mashamba wakaanza kutafuta watu wa kuchuma kwa ujira. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari, na waliopeleka karafuu kutoka Pemba walipita wakiiona, mpaka mwaka 1912 mabaki yake yalipoondolewa na kutoswa baharini.